Kiwanja cha ndege hakiuzi viwanja vya nyumba: Hesabu ya pwani ya Bagamoyo

MADALALI wa ardhi katika ukanda wa pwani kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo mjini na kuendelea Makurunge, wana maneno mawili ambayo hupandisha bei ya shamba kabla mnunuzi hajashuka kwenye gari. La kwanza ni bandari. La pili ni kiwanja cha ndege.

Habari ya bandari imeandikwa na kusemwa sana. Ya kiwanja cha ndege hupokelewa hivi hivi, kana kwamba ndege ikitua tu, fedha nayo imetua. Mnunuzi mwenye akiba ya miaka kumi huonyeshwa pori, huonyeshwa upande ambao "ndege zitakuwa zinapita," kisha hutajiwa bei.

Ndege ndogo haihitaji makubwa ili itue. Cessna Caravan, ambayo ndiyo farasi wa kazi katika anga ya Tanzania, hutosheka na mita elfu moja za changarawe iliyoshindiliwa vizuri, hasa pwani ambako ardhi iko karibu na usawa wa bahari na hewa ni nzito kuliko nyanda za juu. Kazi iko kwenye kumpata mtu wa kulipa ili ndege hiyo itue tena kesho na keshokutwa, na kujua fedha atakayolipa itabaki mfukoni mwa nani.

Viwanja vidogo vilivyopo Afrika Mashariki vinatoa jibu ambalo mfanyabiashara anaweza kulipima mwenyewe: ndege ndogo hulipa pale inaporuka juu ya maji au juu ya pori. Pale inaposhindana na barabara ya lami, hushindwa.

Umbali ndio bei ya kwanza

Bagamoyo iko takriban kilomita 70 kwa barabara kutoka katikati ya jiji la Dar es Salaam. Kwa mstari wa angani, kutoka Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere hadi Bagamoyo ni kama kilomita 60. Ndege ndogo ingezimaliza kwa robo saa hivi. Lakini abiria wa ndege hulipia zaidi ya robo saa. Hufika kiwanjani mapema, hupima mzigo, husubiri, na akishatua hutafuta teksi ya kumfikisha hotelini. Mwenzake aliyepanda daladala Makumbusho, au aliyekodi gari moja kwa moja kutoka kiwanjani, naye yuko njiani. Foleni ya Mwenge na Tegeta inaudhi, lakini haiudhi kiasi cha kumfanya mtu alipe nauli mara nyingi zaidi ili aikwepe.

Ndiyo maana Bagamoyo, pamoja na magofu ya Kaole, Ngome Kongwe, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni na hoteli zake za ufukweni, haina safari za ndege za ratiba. Wageni wake huja kwa barabara na hurudi kwa barabara.

Zanzibar ni mfano wa upande wa pili. Kutoka Dar es Salaam hadi kiwanja cha Abeid Amani Karume ni kama kilomita 70 za angani, umbali unaokaribiana na ule wa Bagamoyo. Katikati kuna bahari. Boti ya kasi huchukua takriban saa mbili, na ndege ndogo huchukua kama dakika 20. Hapo abiria ana sababu ya kutoa fedha, na ndege ndogo huruka njia hiyo mara nyingi kwa siku.

Mafia ni hivyo hivyo. Asiyepanda ndege hulazimika kwenda kwa gari hadi Nyamisati, Kibiti, kisha kuvuka kwa chombo. Kiwanja cha kisiwa hicho kiliwekewa lami kwa fedha za mpango wa Marekani wa Changamoto za Milenia, mkataba wa dola milioni 698 uliotekelezwa kati ya mwaka 2008 na 2013. Waliochagua kuweka fedha Mafia walizingatia kwamba mkazi na mtalii wa kisiwani hawana barabara ya kwenda nayo bara.

Kenya nako kuna mfano wa pwani. Kiwanja kidogo cha Ukunda, karibu na hoteli za Diani, kiko si mbali na kiwanja kikubwa cha Moi mjini Mombasa. Kwa hesabu ya ramani kisingestahili kuwa na abiria. Lakini kwa miaka mingi njia ya kawaida kutoka Moi hadi Diani ilipita kivuko cha Likoni, na mgeni mwenye siku tatu za mapumziko hapendi kupoteza nusu siku kwenye foleni ya feri. Ukanda mwembamba wa maji ukaipa Ukunda biashara.

Saadani: pori lenye wateja ng'ambo

Katika pwani ya kaskazini, mahali ambapo ndege ndogo zimepata kazi ni Saadani. Eneo hilo lilikuwa pori la akiba tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, likapandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,100. Ndiyo hifadhi ambayo wanyama wa porini hufika hadi kwenye mchanga wa bahari.

Kwa angani Saadani iko kama kilomita 100 kutoka Dar es Salaam. La muhimu zaidi kwa mfanyabiashara ni kwamba iko kama kilomita 50 tu kutoka Zanzibar, upande wa pili wa mlango wa bahari. Mtalii aliyekuja kuogelea Nungwi au Paje anaweza kuchukuliwa asubuhi, akaona twiga na tembo, akarudi kula chakula cha jioni hotelini kwake. Kwa barabara safari hiyo haiwezekani kwa siku moja, na wakati wa masika udongo mweusi wa njia za huko humkwamisha hata mwenye gari la magurudumu manne.

Kwa hiyo soko la kiwanja cha Saadani liko Unguja. Hoteli za Unguja zikijaa, Saadani hupata. Zikiwa tupu, Saadani hulala. Mwenye kutaka kuwekeza karibu na hifadhi anatakiwa kusoma idadi ya wageni wanaofika Zanzibar kabla ya kusoma idadi ya simba.

Hoja hiyo inaweza kugeuzwa kuitetea Bagamoyo. Mji huo nao uko kama kilomita 45 tu kutoka Mji Mkongwe, karibu kuliko Dar es Salaam, na majahazi ya mizigo yamevuka njia hiyo tangu enzi za misafara ya pembe na watumwa. Kama kuna mteja wa ndege kwa Bagamoyo, basi yuko Unguja na si Dar es Salaam. Mteja huyo hata hivyo atauliza anachokwenda kuona ambacho Mji Mkongwe hauna. Magofu na misikiti ya kale anayo hapo hapo alipo, tembo hana.

Mji uliopitwa mara tatu

Bagamoyo imewahi kupitwa na usafiri mpya zaidi ya mara moja. Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891 kwa sababu maji ya Bagamoyo ni mafupi na meli kubwa hazikaribii. Mwaka 1905 ujenzi wa Reli ya Kati ulianzia Dar es Salaam, na njia ya misafara ikafa.

Ndege nazo zilifuata mkondo huo huo. Kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Bibi Florence Kerr Wilson, ilibeba barua na abiria katika miaka ya 1930 kwa njia ya pwani iliyounganisha Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Vita vya 1939 vikaifunga. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likashika kazi hiyo kuanzia mwaka 1946 hadi lilipovunjika mwaka 1977, na Shirika la Ndege Tanzania likarithi viwanja vidogo likitumia Fokker F27 na Twin Otter.

Mashirika hayo hayakulazimika kuuliza kama kila kiwanja kinajilipa. Hasara ya kituo kimoja ilifichwa ndani ya hesabu za shirika zima, na shirika likabebwa na Serikali. Mlango ulipofunguliwa kwa makampuni binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990, hesabu ilianza kupigwa kiti kwa kiti. Precision Air ilianza mwaka 1993 kwa safari za kukodi kutoka Arusha. Coastal, iliyoanza mwaka 1987, ikajenga mtandao wa ndege ndogo za pwani na mbugani. Rubani wa kampuni binafsi hatui mahali kwa heshima ya historia. Hutua palipo na abiria waliolipa.

Nani mwenye kiwanja

Marekani miji mingi humiliki viwanja vyake vya ndege ndogo, kama halmashauri inavyomiliki soko au machinjio. Mapato huingia mfuko wa mji na hasara hulipwa na wakazi wa mji huo. Tanzania Bara utaratibu ni mwingine. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, iliyoanzishwa kama wakala wa Serikali mwaka 1999, inaendesha viwanja zaidi ya 50, vikubwa na vidogo. Vya ndani ya hifadhi viko mikononi mwa wenye hifadhi. Vingine vilijengwa na migodi, mashamba makubwa, misheni na wenye hoteli kwa shughuli zao.

Halmashauri ya wilaya, kwa kawaida, haimo katika orodha ya wanaokusanya ada za kutua. Hupata chake kwa mlango wa pili: ushuru wa hoteli na maduka, vibali vya ujenzi, leseni za biashara. Kwa hiyo mwenyekiti wa halmashauri akiahidi kiwanja cha ndege, mwekezaji ana haki ya kuuliza ni mfuko gani utalipa mlinzi wa kiwanja hicho mwaka wa tano. Ahadi isiyotaja mfuko ni maneno ya jukwaani.

Hesabu ya kiwanja chenyewe

Wengi hudhani kiwanja cha ndege ni mashine ya kuchapa fedha. Mfano ufuatao ni wa kubuni, si takwimu za kiwanja chochote, lakini unaonyesha jinsi hesabu inavyokaa.

Tuseme ndege mbili hutua kila siku, na kila moja huondoka na abiria wanane. Hao ni abiria 16 kwa siku. Tuseme kila anayeondoka hulipa ada ya Sh. 10,000, na kila ndege hulipa Sh. 15,000 ya kutua. Mapato ya siku ni Sh. 160,000 za abiria na Sh. 30,000 za ndege, jumla Sh. 190,000. Kwa siku 365 bila kukosa hata moja, kiwanja kitaingiza Sh. milioni 69.35.

Sasa upande wa matumizi. Tuseme kuna wafanyakazi kumi tu: walinzi, wakaguzi wa mizigo, watu wa zimamoto, mfyekaji nyasi na msimamizi. Wakilipwa wastani wa Sh. 500,000 kwa mwezi, mishahara peke yake ni Sh. milioni 60 kwa mwaka. Kinachobaki ni Sh. milioni 9.35, na hapo bado uzio, maji, umeme, redio na gari la zimamoto.

Kisha kuna masika. Kambi nyingi za watalii hufunga Aprili na Mei. Miezi miwili bila ndege huondoa moja ya sita ya mapato, na kiwanja hubaki na kama Sh. milioni 57.8. Mishahara haipungui. Faida imegeuka hasara ya zaidi ya Sh. milioni mbili, na greda la kurudishia changarawe iliyosombwa na mvua bado halijakodiwa.

Hesabu hii haisemi kwamba kiwanja kidogo hakifai kujengwa. Hospitali hujengwa, na barabara za vijijini hujengwa, bila kutazamiwa faida. Inasema tu kwamba kiwanja cha namna hiyo kitaishi kwa kubebwa na Serikali, na hifadhi au na hoteli, na kwamba atakayekibeba akichoka, nyasi zitaota.

Fedha hulala ndege inapolala

Msomaji makini atauliza: mbona Arusha ina kiwanja kidogo chenye shughuli nyingi wakati wa msimu, na Kilimanjaro haiko mbali? Na mbona Wilson ya Nairobi ina shughuli nyingi, na Jomo Kenyatta iko katika jiji hilo hilo?

Swali ni zuri, kwa sababu viwanja hivyo viwili vinaonekana kuvunja kanuni. Kwa kweli vinaikamilisha. Hakuna anayepanda ndege kutoka Wilson kwenda Jomo Kenyatta, wala kutoka Arusha kwenda Kilimanjaro. Ndege za Wilson, kiwanja kilichofunguliwa mwaka 1929 na kupewa jina hilo mwaka 1962, huenda Maasai Mara, Lamu na maeneo ya mbali yasiyo na barabara nzuri. Madaktari warukao wa AMREF, walioanza mwaka 1957, wana makao hapo. Ndege za Arusha huenda Serengeti. Kwa upande mmoja kuna mji, kwa upande mwingine kuna pori.

Viwanja hivyo vinaitwa vidogo, lakini ndipo ndege zinapolala. Hapo ndipo palipo na mabanda ya ndege, mafundi, vipuri, matangi ya mafuta, wapishi wa chakula cha njiani, ofisi za bima na za wakala. Caravan hunywa kiasi cha lita 180 hadi 200 za mafuta kwa saa. Inayokwenda Saadani kutoka Dar es Salaam au Zanzibar hujaza kabla ya kuondoka na hurudi kujaza huko huko. Saadani haiuzi hata lita moja ya maana.

Ndege za injini za pistoni, kama Cessna 172 na 206, zina shida yake nyingine. Hutumia petroli maalumu ya ndege, ambayo huagizwa kwa kiasi kidogo na haipatikani kila kituo. Ndiyo moja ya sababu wenye makampuni walihamia Caravan, inayotumia mafuta ya Jet A-1 ambayo hata ndege kubwa hutumia.

Kwa pwani hii, ndege ndogo hulala Dar es Salaam, katika eneo la Jengo la Kwanza la abiria ambalo lilibaki kwa safari ndogo na za kukodi, na Zanzibar. Bagamoyo ingepata biashara ya kweli kama ingekuwa mahali pa kulala ndege. Hilo lingewezekana endapo ndege ndogo zingeondolewa kiwanja cha Julius Nyerere kwa kukosa nafasi. Dalili zake zingekuwa wazi: tangi la mafuta, banda la ndege lenye fundi mwenye leseni, na kampuni inayohamisha ofisi yake. Mpaka vitu hivyo vionekane kwa macho, hesabu ya mnunuzi wa shamba haina sababu ya kuvijumlisha.

Mizigo: nini hupanda ndege

Wapo wanaosema abiria wasipokuwepo, mizigo itakuwepo. Caravan ikiwa na mafuta ya safari fupi hubeba takriban tani moja na ziada kidogo. Fuso moja hubeba mara kadhaa ya hapo na hulipishwa sehemu ndogo ya gharama.

Mananasi ya Kiwangwa, nazi, chumvi na samaki wakavu havipandi ndege ndogo, kwa sababu bei ya kilo haibebi nauli ya kilo. Kinachopanda ni kile chepesi, ghali na kinachokufa haraka: kamba wakubwa, kaa hai, dawa, vipuri, nyaraka. Hata hivyo, kaa hai wa Bagamoyo anayesafirishwa ng'ambo hufika kiwanja kikubwa kwa gari lenye matenga ndani ya saa chache. Ndege ya kumfikisha hapo ingekula faida yote ya mvuvi na ya mnunuzi.

Ardhi iliyo karibu: neema au kitanzi

Hapa ndipo mwekezaji mdogo huumia. Dhana ya mtaani ni kwamba ardhi iliyopakana na kiwanja cha ndege hupanda bei. Wakazi wa Kipawa na Kipunguni, Dar es Salaam, wanajua upande mwingine wa dhana hiyo. Maeneo yao yalifanyiwa tathmini tangu miaka ya 1990 kupisha upanuzi wa kiwanja, na baadhi yao walisubiri fidia kwa miaka mingi. Katika kipindi kama hicho mwenye nyumba hajengi, hakarabati, na benki haitaki kusikia hati yake.

Hata asipohamishwa, jirani wa kiwanja hubanwa. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ina kauli juu ya urefu wa majengo na minara katika njia ya ndege. Aliyenunua kiwanja kwa mipango ya ghorofa tano anaweza kukuta anaruhusiwa mbili.

Bandari ya Bagamoyo imetoa somo kama hilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Makubaliano yalitiwa saini Machi 2013 wakati wa ziara ya Rais Xi Jinping wa China, na gharama iliyotajwa sana ni dola bilioni 10. Jiwe la msingi liliwekwa Oktoba 2015. Mwaka 2016 kazi ikasimama. Mwaka 2019 Rais John Magufuli akasema hadharani kuwa masharti yake hayakubaliki. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kufufua mazungumzo. Kati ya saini na tangazo hilo ilipita miaka minane. Aliyekopa mwaka 2013 ili anunue ekari Zinga au Mlingotini alilipa riba miaka yote hiyo bila meli moja kutia nanga.

Nje ya Afrika, hata viwanja vilivyopo vimegeukwa na wenye navyo. Jiji la Chicago lilimiliki kiwanja kidogo cha Meigs Field, kando ya ziwa na karibu na katikati ya mji. Usiku wa Machi 30, 2003, Meya Richard M. Daley alituma matingatinga yakachimba barabara ya kurukia, na asubuhi ndege zilizolala hapo zikakuta hazina pa kurukia. Jiji lilitozwa faini ya dola 33,000 na kurudisha dola milioni moja za fedha za maendeleo ya viwanja. Leo eneo hilo ni bustani ya umma. Santa Monica, California, mji ulifikia makubaliano na Serikali Kuu mwaka 2017: barabara ya kurukia ifupishwe mara moja, na mji uruhusiwe kukifunga kiwanja chake baada ya Desemba 31, 2028.

Sababu katika miji yote miwili inafanana. Ardhi ilipopanda thamani, mwenye ardhi aliona matumizi mengine ni bora kuliko ndege ndogo. Kwa hiyo bei ya ardhi ikipanda sana kuzunguka kiwanja kidogo, kiwanja chenyewe huwa hatarini. Anayenunua kwa kutegemea vyote viwili vidumu pamoja anacheza kamari.

Cha kuangalia kabla ya kutoa fedha

Mnunuzi wa shamba katika ukanda huu anashauriwa kufanya mambo manne, yote yakiwa na gharama ndogo kuliko nauli ya ndege.

Kwanza, kwenda ofisi ya ardhi ya halmashauri na kuomba kuona ramani ya mipango miji ya eneo husika. Kama kiwanja cha ndege hakimo kwenye ramani, kimo kwenye mdomo wa dalali tu. Kama kimo, aangalie shamba lake liko nje ya mpaka au ndani.

Pili, kuuliza nani atakuwa mwendeshaji, na kama fungu limetengwa katika bajeti. Upembuzi yakinifu si ujenzi, na jiwe la msingi si ujenzi.

Tatu, kutafuta biashara ambayo itaishi hata ndege zisipokuja. Nyumba ya wageni inayolipwa na wasafiri wa barabara ya Bagamoyo hadi Msata, bustani ya mboga inayouza hotelini, gari la kupeleka wageni Kaole: hizi hupata faida ndege zikija na hazifi zisipokuja. Barabara ya Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga, ambayo Serikali imekuwa ikiijenga kwa sehemu, itagusa mifuko mingi zaidi kuliko kiwanja chochote kidogo. Itapunguza pia lile pori la udongo mweusi ambalo ndilo limeipa ndege ya Saadani mteja wa kutoka Dar es Salaam.

Nne, kulinganisha bei anayotajiwa na bei ya shamba la aina hiyo hiyo lililo kilomita kumi zaidi, ambako hakuna aliyetaja ndege. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo fedha anayolipia uvumi. Kama tofauti ni Sh. milioni mbili kwa ekari na anataka ekari tano, anatoa Sh. milioni kumi kununua maneno.

Wahenga wa pwani walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Shamba la minazi linalozaa ni mbachao. Ndege ya Bagamoyo, kwa hesabu zilizopo, bado ni msala wa mpita njia.